Jicho, Rula na Ubao Ulionyooka: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Fundi mzoefu hahitaji kipimo, jicho linamtosha.

Kwa upinde, sawa. Fumba jicho moja, tazama ukingo wa ubao kutoka ncha hadi ncha, na upinde utauona mara moja. Kinacholiponyoka jicho ni msokoto. Ubao uliosokota unaweza kuwa na kingo nne zilizonyooka kabisa, huku kona mbili za mshazari zikiwa zimeinuka. Hapo ndipo milango na meza nyingi huharibikia.

Ili kuuona msokoto, chonga fito mbili zilizonyooka, zenye kimo sawa, na urefu mara mbili ya upana wa ubao. Urefu huo hukuza kosa mara mbili. Paka moja rangi nyeusi ukingo wa juu. Weka moja kila mwisho wa ubao, zikiwa sambamba, kisha chuchumaa na utazame juu ya ufito wa karibu hadi ule wa mbali. Ufito wa mbali ukichomoza zaidi kulia, kona ya mbali kulia na ya karibu kushoto ziko juu. Piga randa kona hizo mbili tu, upime tena.

Dhana: Pima maji ikitulia katikati, ubao uko bapa.

Pima maji husema kama kitu kimelala usawa, basi. Meza bapa kabisa ikiwekwa kwenye sakafu yenye mteremko, povu litakwenda pembeni.

Dhana: Rula ya chuma haiwezi kukosea.

Ikianguka mara moja yaweza kupinda. Chora mstari kwa kufuata ukingo wake, igeuze chini juu, kisha chora tena kupitia ncha zilezile kwa ukingo uleule. Mistari ikiachana milimita 1 katikati, rula imepinda nusu milimita.

Rula ikiwa nzima, isimamishe kwa ukingo juu ya ubao na usukume ncha moja taratibu. Ikizungukia katikati, ubao una tumbo; ikizungukia ncha, umebonyea.

Dhana: Mwanga ukipenya chini ya rula, ubao haufai.

Mwanga hupenya hata kwenye mwanya mwembamba kuliko karatasi, kwa hiyo pima mwanya wenyewe. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa karibu milimita 0.1. Kwa kingo za kuungwa kwa gundi, karatasi isipenye popote. Uso wa meza huvumilia zaidi.

Dhana: Mashine ya kupunguza unene hunyoosha ubao.

Rola zake huugandamiza ubao wakati wa kupita; ukitoka, unarudia msokoto wake, ila mwembamba zaidi. Nyoosha uso mmoja kwanza.

Dhana: Ubao ukishapimwa, kazi imekwisha.

Mbao hunywa na kutoa unyevu. Ukilazwa juu ya benchi usiku kucha, uso wa juu hukauka peke yake na ubao hupinda. Uegemeze ukutani ukiwa wima, au uuweke juu ya vijiti, hewa ipite pande zote, na uupime tena kabla ya kupaka gundi.