Nguo za nyumbani shuleni: mtoto wa kike avae nini siku isiyo ya sare

Msimu wa mahafali ya darasa la saba ukikaribia, malalamiko kuhusu mavazi ya watoto wa kike huongezeka ofisini kwetu, na mwaka huu yameongezeka zaidi. Mzazi mmoja anauliza kwa nini binti yake amerudishwa nyumbani kwa sababu ya suruali ya jinzi. Mwingine anailaumu shule hiyo hiyo kwamba inawaachia watoto wavae kama wanakwenda ufukweni. Wote wawili wanaandika kwa nia njema, na wote wanaomba kitu kimoja: tutoe orodha ya nguo zinazoruhusiwa na zisizoruhusiwa. Kwa maoni yangu, baada ya miaka mingi ya kukagua shule za Mwanza, orodha hiyo ingetuharibia kazi.

Nianze na tukio moja. Nilifika kwenye shule ya msingi fulani pembezoni mwa jiji siku ya Jumamosi, siku ya masomo ya ziada. Chini ya mwarobaini, hatua chache kutoka langoni, alikuwa amekaa mtoto wa darasa la tatu aliyefungwa khanga ya mwalimu kiunoni, juu ya taiti nyeusi. Khanga ilikuwa imezungushwa mara mbili, na kila alipojaribu kusimama alikanyaga pindo. Daftari la hesabu lilikuwa mapajani, halijafunguliwa. Nilipomuuliza kwa nini hayuko darasani, akajibu huku anatazama chini: "Mwalimu kasema nguo yangu ni ya kikubwa." Saa nne ilikuwa imeshapita. Mama yake alinieleza kwa simu kwamba usiku ule mvua ilinyesha, sketi ya shule haikukauka, na taiti ndiyo nguo pekee safi iliyokuwepo, tena ya kumkinga na baridi ya asubuhi. Ilikuwa imepauka magotini.

Mtoto wa miaka tisa hana nguo ya kikubwa. Ana nguo inayomtosha au isiyomtosha, inayomruhusu kukimbia au inayomzuia. Ukubwa unaozungumzwa hapo uko kichwani mwa mtu mzima anayemtazama.

Sasa niseme kuhusu hoja inayonichosha kuliko zote. Wapo wazazi, na hata baadhi ya wajumbe wa kamati za shule, wanaotuandikia kwamba "waraka wa serikali unakataza suruali za kubana na nguo fupi", kwa hiyo shule ifuate. Waraka wanaousema ni ule wa Utumishi wa Umma Na. 3 wa mwaka 2007, ambao picha zake zimebandikwa kwenye milango ya ofisi nyingi za halmashauri. Unahusu mavazi ya watumishi wa umma wakiwa kazini. Unanihusu mimi, unamhusu mwalimu. Haumhusu mtoto wa darasa la tatu aliyekuja kusoma Jumamosi. Tumelieleza hili kwenye vikao vya wazazi mara nyingi, na bado barua zinakuja zikinukuu bango la mlangoni.

Sare ni suala jingine. Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016, uliofafanua utekelezaji wa elimu bila malipo, uliacha ununuzi wa sare mikononi mwa mzazi. Hilo halijabadilika. Ila mtoto asiye na sare siku fulani ni sababu ya kumwita mzazi, na wakati mzazi anaitwa mtoto awe anaendelea na somo.

Kwa siku zisizo za sare, tunawashauri walimu wakuu waangalie kwanza siku hiyo ina kazi gani. Shule zetu nyingi huwapeleka watoto kisiwa cha Saanane au makumbusho ya Bujora kule Kisesa. Saanane unapanda boti, unavaa jaketi la kujiokolea ambalo kamba zake hupita kifuani na wakati mwingine katikati ya miguu, kisha unapanda mawe. Mtoto wa kike aliyevaa sketi nyembamba anabaki ufukweni kuwashikia wenzake mabegi. Aliyevaa suruali ya bwanga au ya michezo anapanda. Ni hivyo hivyo kwa watoto wanaokuja shuleni kwa bodaboda kutoka Buhongwa au Igoma, na kwa wale wanaoshuka kila asubuhi kutoka kwenye nyumba za juu ya mawe kule Igogo na Mabatini. Kambi za jioni za kujiandaa na mtihani zina jambo jingine: mbu wa malaria huuma usiku, na kando ya ziwa letu malaria haijaisha. Suruali ndefu na mikono mirefu ni kinga. Mwalimu anayemwambia mtoto wa kike avue suruali avae sketi kwenye kambi ya jioni anamwachia mbu miguu.

Naelewa kwamba kwa familia nyingi suruali kwa mtoto wa kike ni jambo zito, na kwa wengine ni suala la imani. Mzazi asiyetaka binti yake avae suruali asilazimishwe. Gauni pana au sketi ya marinda juu ya taiti inatosha kwa mambo mengi, na ushungi haujawahi kumzuia mtoto kushiriki ziara. Tunachokataa ni msimamo wa nyumba moja kugeuzwa kuwa kanuni ya shule nzima.

Je, hakuna nguo isiyofaa? Ipo. Ya kwanza kwangu si fupi wala haibani. Ni tisheti za mitumba zenye maandishi ya Kiingereza. Mama anakwenda soko la Mlango Mmoja, anachambua fungu, anaona tisheti ya waridi yenye nyota zinazong'aa, bei nzuri, saizi ya binti yake. Maandishi hayajui. Nimewahi kumkuta mtoto wa miaka kumi mstarini, amenyooka kwa furaha ya nguo mpya, kifuani ameandikwa mwaliko ambao hata mtu mzima angeona aibu kuutamka. Nilimwomba mwalimu wa malezi amtafutie sweta, alifunge, na tukamweleza mama pembeni. Mtoto hakuambiwa kitu na hakujua kitu. Hakustahili kujua. Kabla ya kununua, mwonyeshe maandishi mtu anayesoma Kiingereza. Muuza mitumba mwenyewe mara nyingi anajua.

Nyingine ni magauni ya kukodi ya mahafali, yale ya neti yanayoonyesha mwili, na viatu virefu ambavyo mtoto havijui. Kuna jaribio dogo la nyumbani ninalowaeleza wazazi: mwambie mtoto achuchumae, ainue mikono yote, aruke mara tatu. Akiona haya, au akianza kuvutavuta pindo, nguo hiyo atashinda nayo akiivuta siku nzima. Kwa walio darasa la tano kwenda juu, ambao miili imeanza kubadilika, mzazi aongeze shimizi na aweke khanga nyepesi kwenye begi kwa ajili ya hedhi inayoweza kumkuta njiani.

Sasa utaratibu, maana hapa makosa ni mengi. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, kama zilivyobadilishwa mwaka 2002, zinasema adhabu hiyo itolewe kwa kosa kubwa la nidhamu tu. Anayeitoa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Viboko havizidi 4. Mtoto wa kike huadhibiwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike. Umri na afya ya mtoto vizingatiwe, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari maalumu, likionyesha jina, kosa na idadi ya viboko. Nguo aliyochagua mama haiwi kosa kubwa la nidhamu la mtoto. Mwalimu anayechapa kwa sababu hiyo anajiweka mwenyewe kwenye hatua za kinidhamu. Kumchana mtoto nguo kwa mkasi mbele ya wenzake, jambo ambalo tumelipokea kama lalamiko, ni udhalilishaji, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto dhidi yake.

Wazazi nao waache kupiga picha watoto wa watu kwenye mahafali na kuzituma kwenye makundi ya WhatsApp wakiuliza "malezi gani haya". Sura ya mtoto ni taarifa yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo. Umeona nguo isiyofaa, mwone mwalimu wa malezi.

Na kuhusu hoja kwamba nguo za mabinti "zinawaponza": hapana. Mwanamume anayemfuata mtoto wa shule anamfuata hata akiwa na sare iliyofika kwenye vifundo vya miguu. Kesi tunazoziona ni za watoto wenye sare. Sheria ya Elimu, tangu marekebisho ya mwaka 2016, inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumuoa mwanafunzi, na haisemi popote kwamba sketi ilikuwa fupi. Ukiona bodaboda, kondakta au mwalimu anamsumbua mtoto, piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi kilicho karibu.

Malalamiko kuhusu mavazi yaanzie kwa mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule, kisha Afisa Elimu Kata, ndipo yafike halmashauri. Barua itaje shule, tarehe, darasa la mtoto, nguo yenyewe ilivyokuwa, nani alisema nini na hatua gani ilichukuliwa. Jina la mtoto liwe kwenye karatasi ya pembeni, ndani ya bahasha iliyofungwa. Barua isiyotaja shule hatuwezi kuifanyia kazi, hata ikiwa na kurasa nne.