Kwa nini kompyuta ndogo hubwabwaja kisha ikanyamaza unapoiwekea OpenBSD?

Chukua bodi kama APU2 ya PC Engines, kampuni ya Uswisi: sentimita 15 kwa 15, prosesa ya AMD yenye kori nne, poti za mtandao za kutosha kuifanya ruta, na hakuna hata tundu moja la skrini. Si VGA, si HDMI. Njia pekee ya kuongea nayo ni poti ya siriali yenye pini 9, ile iliyokuwa nyuma ya kompyuta za miaka ya 1990. Unaichomeka kebo kwenye laptopu, unaandika faili la usakinishaji la OpenBSD, mfumo endeshi wako, kwenye flashi, unawasha umeme. Maandishi ya BIOS, programu ya bodi yenyewe inayoamka kwanza, yanatiririka vizuri. Kipakiaji cha OpenBSD kinajitambulisha, kinaonyesha `boot>`, kinataja ukubwa wa kerneli (kiini cha mfumo), kinaandika mstari unaoanza na `entry point at`. Kisha kimya. Au, kwa waliokwisha kugusa mipangilio kidogo, kisha lundo la alama zisizosomeka.

Jibu la haraka ni kwamba mashine imekwama. Aliyezoea kupiga Windows kwenye laptopu ana haki ya kufikiri hivyo, maana kule kioo kikibaki cheusi dakika tano, kwa kawaida kuna jambo. Basi huanza safari inayofahamika: flashi inaandikwa upya, inatafutwa flashi nyingine, faili linapakuliwa tena kwa kushuku kwamba liliharibika njiani, RAM inatuhumiwa, BIOS inasasishwa. Wengine hufikia uamuzi kwamba OpenBSD haiiwezi bodi hiyo, wakahamia mfumo mwingine. Mfumo mwingine ukikubali mara ya kwanza, tuhuma inageuka kuwa hukumu.

Alama zisizosomeka nazo zina hukumu yake: kebo ni mbovu. Hii inastahili kupingwa kwa nguvu zaidi, kwa sababu mara nyingi ukweli ni kinyume chake. Kebo isiyopishanisha pini ya 2 na ya 3, yaani inayounganisha mtumaji na mtumaji, haileti takataka, haileti kitu. Ukiona takataka, umeme upo, poti ni sahihi, waya umepishana inavyotakiwa, na upande wa pili kuna programu hai inayoandika. Kilichobaki kinaweza kurekebishwa bila kunyanyuka kitini. (Zipo hali chache ambapo waya kweli huleta takataka, kama kuchanganya aina mbili za volteji, nitazigusa mwishoni.)

Ukimya ni mgumu zaidi kuusoma. Kerneli iliyoanza bila mahali pa kuandika inaweza kuwa imeendelea hadi swali la kwanza la usakinishaji na inasubiri jibu, au inaweza kuwa imejiwasha upya. Tabia hiyo hubadilika kati ya bodi na bodi, na kati ya matoleo. Lakini ukimya wenyewe si ushahidi wa kifo.

Tatizo ni kwamba kwenye waya ule mmoja programu tatu hupokezana, na hakuna inayorithi mipangilio ya mwenzake. Ya kwanza ni BIOS. Kwenye APU2 imejengwa juu ya coreboot, programu huria ya kuamshia bodi, na inaandika kwenye siriali kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde. Pia inafanya hisani moja: programu yoyote ikiiomba iweke herufi kwenye skrini, BIOS inazidaka herufi hizo na kuzituma kwenye siriali. Ya pili, kipakiaji, ni programu ndogo ambayo kwa kuandika huitegemea BIOS, hivyo inanufaika na hisani hiyo bila kujua. Yenyewe inaamini inaandika kwenye skrini. Ya tatu ni kerneli, na kerneli haimwombi mtu: ikishaanza, inashughulika na vifaa moja kwa moja. Usipoiambia lolote, inachukua skrini na kibodi, yaani `pc0`, kuwa ndiyo konsoli yake, mahali pa kuandikia na kupokea amri. Ndiyo maana maandishi hukatika pale pale baada ya `entry point at`. Huo ndio mstari wa mwisho wa kipakiaji kabla ya kukabidhi usukani.

Sasa mtu anasoma mahali kwamba dawa ni `set tty com0`, com0 ikiwa poti ya kwanza ya siriali. Anaiandika, na kimya kinageuka takataka. Amefanya sahihi nusu: OpenBSD sasa inaongea kwenye siriali, ila isipoambiwa kasi, hutumia 9600. Laptopu inasikiliza kwa 115200. Kwa nini 9600? BSD, mfumo ambao OpenBSD imetokana nao, ililelewa Chuo Kikuu cha Berkeley kwenye mashine kubwa zilizounganishwa na terminali (kioo na kibodi tu) kwa waya za siriali, na 9600 ilikuwa kasi ya heshima. Faili la `/etc/ttys`, linaloorodhesha terminali za kuingilia, mpaka leo linataja vt220, terminali ya kampuni ya DEC ya mwaka 1983. Watengenezaji wa bodi nao kila mmoja ana yake: bodi za Soekris za Marekani zilikuja na 19200, ALIX za PC Engines 38400, APU zilizofuata 115200. Hakuna aliyekosea. Hawakukubaliana tu.

Lakini kwa nini kutofautiana kwa kasi kulete takataka badala ya maandishi yanayokwenda polepole, au haraka? Ni kwa sababu kebo ya siriali haibebi saa. Inabeba volteji ya juu na ya chini tu, na mpokeaji anatakiwa ajue mwenyewe biti moja inaishia wapi.

Fikiria wanafunzi wanaopita getini kwa foleni, wameshikana mabega bila nafasi kati yao, wengine mashati meupe, wengine meusi. Nyeupe ni moja, nyeusi ni sifuri. Mlinzi amefumba macho na anayafumbua kwa kufuata ngoma anayoipiga mwenyewe. Geti likiwa tupu huonekana jeupe. Makubaliano ni haya: mwanafunzi wa kwanza wa kila kundi ni mweusi, na kazi yake ni kumshtua mlinzi tu. Mlinzi akishtuka anasubiri mpigo mmoja na nusu ili afumbue macho katikati ya mgongo wa mwanafunzi wa pili, si kwenye mpaka wa wawili. Kisha anatazama mara nane, mpigo kwa mpigo, na kuandika alichoona. Wa kumi lazima awe mweupe. Akiwa mweusi, mlinzi anajua kuna kosa. Kundi linalofuata linamshtua upya, kwa hiyo ngoma yake haihitaji kuwa kamilifu. Inahitaji kudumu kwa watu kumi tu bila kuteleza nusu mtu. Kwa hesabu hiyo, kasi za pande mbili zikipishana kwa asilimia 2 hakuna anayegundua; zikifika karibu asilimia 5, mambo yanaanza kuharibika.

Sasa ngoma ya mlinzi iwe na kasi mara nne ya foleni. Hii si hesabu ya kubuni: ndiyo hali ya bodi ya ALIX, laptopu ikisikiliza kwa 38400 na OpenBSD ikiandika kwa 9600. Mlinzi anamwona kila mwanafunzi mara nne na kudhani ni wanafunzi wanne.

Tutume herufi ndogo s. Biti zake, kwa mpangilio zinavyotoka kwenye waya, ni 1 1 0 0 1 1 1 0. Mbele yake kuna mweusi wa kushtua, nyuma yake mweupe wa kufunga. Mlinzi anashtuka, anaandika weusi watatu waliobaki wa mwanafunzi yule yule wa kwanza, kisha weupe wanne wa biti ya kwanza, kisha mweupe mmoja wa biti ya pili. Amepata nane. Wa kumi kwake ni mweupe, kwa hiyo anafunga hesabu akiwa ameridhika: 00011111, ambayo kwenye jedwali la zamani la herufi za Ulaya ni ø. Biti mbili za sifuri zinazofuata zinamshtua tena, anaandika 00000001, alama isiyochapika. Sifuri ya mwisho inamshtua mara ya tatu, na ikifuatiwa na ukimya anapata ø nyingine. Herufi moja imetumwa, baiti tatu zimepokelewa, na kwa upande wa mlinzi hakuna kosa lolote lililotokea.

Ukiifuata hesabu hii utaona kuwa baiti ya kwanza baada ya ukimya inaamuliwa na biti mbili tu za herufi halisi, kwa hiyo ina sura nne basi: sifuri tupu, ø, alama isiyochapika, au x. Na x inatokea kila biti ya kwanza ikiwa moja na ya pili sifuri. Herufi a, e, i na u zote ziko hivyo. Irabu nne kati ya tano zinageuka x, na o peke yake inakuwa ø. Kwenye x hizo mlinzi anamwona wa kumi kuwa mweusi, hivyo chipu huitia baiti hiyo alama ya kosa, na programu nyingine huitupa badala ya kuichapa. Usishangae ya kwako isipolingana kabisa. Lakini skrini iliyojaa x na alama za kuulizia, zinazosimama badala ya baiti zisizochapika, ni dalili nzuri sana ya kasi zinazopishana mara nne.

Pengo likiwa mara 12, kama kwenye APU2, baiti nyingi hutoka sifuri tupu, ambazo terminali haizichapi. Hivyo kutofautiana kwa kasi kunaweza pia kuonekana kama ukimya, na hapo hoja ya “imekwama” inapata nguvu isiyostahili. Namba 12 yenyewe haikutokea kwa bahati. Chipu za siriali za PC kwa desturi huanza na kristali ya megahezi 1.8432, inagawanywa kwa 16, inabaki 115200. Kasi nyingine zote ni kigawanyo cha hiyo: 3 kwa 38400, 6 kwa 19200, 12 kwa 9600.

Dawa basi ni mistari miwili, kisha `boot` ya kuendelea. Kipakiaji husubiri sekunde tano kwenye `boot>`. Bonyeza kitufe chochote kusimamisha hesabu, kisha:

`stty com0 115200`
`set tty com0`
`boot`

Mpangilio una maana. Ukianza na `set tty com0`, kipakiaji kinahamia 9600 papo hapo na huoni tena unachoandika. Hata hivyo usichomoe umeme. Badilisha kasi upande wa laptopu iwe 9600 (kwenye OpenBSD ni `cu -l cuaU0 -s 9600`, kwenye Windows ni kisanduku cha kasi cha programu ya PuTTY), gonga Enter, na `boot>` itatokea safi. Ni jaribio la sekunde chache, na linamaliza ubishi wa kama mashine iko hai.

Ukisakinisha kupitia siriali, mwishoni programu inauliza kama com0 iwe konsoli ya kudumu na kwa kasi gani. Kubali, nayo itaandika mistari ile miwili kwenye `/etc/boot.conf` na kurekebisha `/etc/ttys`. Shida huwapata waliosakinishia diski kwenye kompyuta yenye skrini wakaihamishia kwenye bodi baadaye, kwani huko swali hilo halikuulizwa. Wakikumbuka `boot.conf` na kusahau `ttys`, wanapata kituko kingine: ujumbe wote wa kuwaka unasomeka, huduma zinaanza moja moja, kisha `login:` haitokei. Mstari wa `tty00`, jina la poti ile ile ya com0 ndani ya faili hilo, unatakiwa uwe hivi:

`tty00 "/usr/libexec/getty std.115200" vt220 on secure`

Na SSH, yaani kuingia kupitia mtandao, inaweza isiwaokoe, kwa sababu OpenBSD huita kadi ya mtandao kwa jina la kiendeshi chake. Kwenye ALIX ni vr0, kwenye APU ya kwanza re0, kwenye APU2 em0. Faili la mipangilio ya mtandao la `hostname.em0` halina faida kwa mashine ambayo kadi yake inaitwa vr0.

Zile hali ambapo waya ndio wenye hatia huonekana zaidi kwenye Raspberry Pi. Pini zake za siriali ni za volti 3.3, na kebo ya pini 9 hutumia volti kubwa zaidi, chanya na hasi, tena kwa maana iliyogeuzwa. Kuziunganisha moja kwa moja huleta takataka kwa bahati nzuri na Pi iliyoungua kwa bahati mbaya. Tumia adapta ya USB ya volti 3.3. Pi 3 ina kituko cha ziada. Siriali yake nzuri imepewa Bluetooth, na ile ndogo inayobaki hupata kasi yake kutokana na saa ya kiini cha prosesa ya picha. Saa hiyo ikipanda au kushuka, kasi ya siriali inaifuata. Unaweza kuweka 115200 pande zote mbili, ukasoma vizuri, kisha maandishi yakaharibika katikati ya sentensi bila mtu kugusa kitu. Mstari wa `enable_uart=1` kwenye `config.txt` huifungia saa hiyo mahali pamoja, na `dtoverlay=disable-bt` huinyang'anya Bluetooth ile siriali nzuri na kuirudisha kwenye pini.