Kubadili kitasa bila kubomoa ukuta: dhana potofu kuhusu uthibitishaji wa watumiaji

Tuchukue mfumo wa wavuti wa ushirika wa wakulima wa zabibu, tuseme wa kule Mpunguzi, Dodoma. Makarani wanaingia kwa nywila, wanachama kwa namba ya uthibitisho inayotumwa kwa SMS. Siku moja uongozi unataka makarani waingie kwa akaunti za saraka ya ofisi, yaani orodha kuu ya akaunti za wafanyakazi. Kuongeza njia hiyo kusiguse kurasa za mizani na malipo hata kidogo.

Dhana: Ukishaweka "kama ni nywila fanya hivi, kama ni SMS fanya vile", umemaliza.

Hapo umetawanya vitasa nyumba nzima. Kila njia iwe moduli yake, yaani kipande cha programu kinachojitegemea, na zote zifuate kiolesura kimoja (namna moja ya kuitwa) chenye kazi moja, `thibitisha`. Kazi hiyo irudishe moja ya majibu manne: ni fulani, simfahamu, namfahamu na nimemkataa, nimeshindwa kumfikia wa kumuuliza. Sesheni (kumbukumbu ya seva kwamba mtu ameshaingia), ruhusa na jedwali la watumiaji vibaki nje ya moduli, na kitambulisho cha sesheni kibadilishwe kila mtu anapoingia, kwa njia yoyote ile.

Majibu hayo yakichanganywa ndipo balaa linapoanza. "Simfahamu" maana yake ni kwamba moduli inayofuata ijaribiwe. "Nimemkataa" maana yake msako uishie hapo. Karani aliyeachishwa kazi na kufungiwa kwenye saraka, ukimwita "simfahamu", atapita kwa nywila yake ya zamani iliyosahaulika kwenye hifadhidata. Django, mfumo wa kuundia tovuti kwa Python, inalijua hili: inapitia moduli kwa mpangilio wa orodha, na moduli ikitoa kosa la `PermissionDenied` haiendi kwa inayofuata. Jibu la nne nalo husahaulika sana. Mtandao wa ofisi ukikatika, karani anaambiwa amekosea nywila. Anarudia, anarudia, mpaka akaunti inajifunga.

Dhana: Namba ya simu inatosha kuwa kitambulisho cha mtumiaji.

Laini iliyoachwa muda mrefu huuzwa kwa mtu mwingine, naye ataikuta akaunti ya mkulima ikimsubiri. Mpe kila mtumiaji namba ya ndani isiyobadilika. Jedwali la pili liwe na safu tatu: jina la njia, kitambulisho cha mtu kwenye njia hiyo, na namba ya ndani, safu mbili za kwanza kwa pamoja zisijirudie. Kwa OpenID Connect, kanuni ya kuingia kwa akaunti ya huduma nyingine, kitambulisho ni `iss` (huduma iliyomthibitisha) pamoja na `sub` (kitambulisho chake kwenye huduma hiyo), siyo barua pepe. Na kabla ya kuhifadhi simu, 07… na +2557… ziwe umbo moja, la sivyo mkulima mmoja atakuwa na akaunti mbili na mzigo wa zabibu uliogawanyika.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, je? Ina tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, na imeshanakiliwa ofisi kadhaa. Inamtaja mtu, lakini haithibitishi kwamba aliyeiandika ndiye mwenyewe.

Dhana: Saraka ikijibu "sawa", mtu ni yeye.

Si lazima. Katika LDAP, lugha ya kuulizia saraka, ukituma jina lenye nywila tupu, baadhi ya seva hujibu kwamba imefaulu, ila zimekupokea kama mgeni asiyejulikana. Moduli ikatae nywila tupu kabla ya kuuliza, na jaribio hilo liwe la kwanza kuandikwa.

Dhana: Tarakimu 6 za programu ya simu inayotoa namba za kuingilia zikigoma kwa watu wote, simu zao ni mbovu.

Tazama saa ya seva. TOTP, kanuni inayotengeneza tarakimu hizo, huhesabu vipindi vya sekunde 30 tangu 1 Januari 1970 kwa saa za UTC. Mtu akisogeza saa ya seva ili isomeke kama ya Dodoma huku ukanda umebaki UTC, seva iko saa 3 mbele, yaani vipindi 360, na hakuna tarakimu itakayokubaliwa. Weka ukanda `Africa/Dar_es_Salaam`, washa NTP (husahihisha saa kupitia mtandao), kisha ruhusu kipindi kimoja nyuma na kimoja mbele.

Dhana: Kuhamia hashi mpya (alama isiyorudishika inayohifadhiwa badala ya nywila yenyewe) kunadai kila mtu abadili nywila.

Hapana. Hashi ya zamani ikilingana wakati wa kuingia, nywila iko mkononi mwa seva kwa muda huo. Itengenezee hashi ya aina ya Argon2id na ufute ile ya zamani.

Na je, ukiwa na moduli ya majaribio inayomkubali kila mtu? Ikiwa kwenye orodha ya seva halisi, programu igome kuwaka.