Je, wajua? Springi ngumu haziongezi mshiko wa gari kwenye kona

Toyota GR86 na Subaru BRZ ni gari moja lenye nembo mbili. Yote mawili hutoka kiwanda cha Subaru mkoani Gunma, Japani, na yana injini ile ile ya lita 2.4. Ilipofika zamu ya springi, kila kampuni ikashika njia yake. Katika magari ya soko la Japani, BRZ ilipewa springi za mbele zenye ugumu wa nyutoni 30 kwa milimita, yaani nguvu inayotakiwa kuibonyeza springi milimita moja, na za nyuma 35. GR86 ikapewa 28 mbele na 39 nyuma. Ukiyakimbiza kwenye kona, GR86 ndiyo inayotaka kutoa mkia mapema.

Hapo pana kitendawili. Gereji nyingi zitakwambia springi ngumu zinashika barabara na laini zinaachia. Iweje basi gari lenye springi ngumu zaidi nyuma ndilo linaloteleza nyuma kwanza?

Kosa linaanzia machoni. Gari laini likiingia kona linalala kuelekea nje, na anayetazama anaona kama uzito wote unamwagikia upande wa nje. Anahitimisha kwamba kulala ndiko kunakohamisha uzito, kwa hiyo ukizuia kulala umezuia uzito usihame. Mambo hayako hivyo. Uzito unaohama hutokana na vitu vinne: uzito wa gari, kimo cha kitovu chake cha uzito kutoka ardhini, upana kati ya tairi la kushoto na la kulia, na ukali wa kona. Springi haimo kwenye hesabu.

Tuifanye hesabu yenyewe. Toyota GT86, mtangulizi wa GR86, iliyotoka mwaka 2012, ikiwa na dereva ina kama kilo 1,300. Kitovu chake cha uzito kiko milimita 460 juu ya lami, na upana kati ya matairi ni wastani wa milimita 1,530. Kwenye kona inayolisukuma gari pembeni kwa nguvu ya 0.8 ya uzito wake, zidisha 1,300 kwa 0.8, kisha kwa 460, halafu gawa kwa 1,530. Utapata kilo 313 hivi. Kilo hizo zitatoka kwenye matairi ya ndani kwenda ya nje, uwe umefunga springi za teksi au umechomelea vyuma vitupu.

Kuna nyongeza ndogo. Gari likilala digrii 3, kitovu husogea nje kama sentimita 2, na hilo huongeza kilo 15 hadi 20. Ukilishusha gari milimita 20 utapunguza kama kilo 14. Ni faida, ila ukiiweka kando ya zile 313 unaona ukubwa wake halisi.

Springi zinafanya nini basi? Zinagawa. Tairi lina tabia moja isiyotarajiwa: ukilibebesha mzigo mara mbili, mshiko wake huongezeka, lakini haufiki mara mbili. Kwa hiyo matairi mawili yanayobeba mzigo sawa hushika zaidi kuliko jozi ambayo moja limeelemewa na jingine linagusa tu. Zile kilo 313 ni lazima zihame, ila springi na stabilaiza (fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia) ndizo zinazoamua ni ekseli ipi itakayobeba sehemu kubwa ya uhamisho huo. Ekseli iliyokazwa zaidi hubeba zaidi, na ndiyo inayoishiwa mshiko kwanza. Toyota ilikaza nyuma, mkia ukawa mwepesi kutoka. Subaru ilikaza mbele, gari likatulia na pua ndiyo inayochoka kwanza. Kitendawili kimeteguka, na kampuni zote mbili zilijua zinachokifanya.

Hii haina maana kwamba suspensheni ya spoti, yaani springi na shokapu zilizokazwa, ni ulaghai. Faida zake zipo, ila zinapitia mlango mwingine. Mbele ya magari haya kuna strati ya MacPherson, yaani shokapu yenyewe ndiyo nguzo inayolishikilia gurudumu. Gari likilala digrii 3, tairi la nje nalo huinama karibu kiasi hicho hicho na kukanyaga kwa ukingo wake wa nje. Kwenye GT86 kemba ya mbele, yaani pembe ya kuinama kwa tairi kuelekea ndani au nje, ilitoka kiwandani karibu na sifuri, kwa hiyo hakuna akiba ya kufidia. Springi ngumu zikipunguza kulala kwa digrii moja, tairi linakanyaga kwa uso mpana zaidi na mshiko unapanda. Lakini digrii hiyo moja unaweza kuipata pia kwa boliti za kurekebisha kemba zinazofungwa pale strati inapokutana na gurudumu, na springi laini zikabaki mahali pake.

Faida nyingine ni usukani kujibu upesi. Bodi isiyolala sana hutulia mapema, na dereva anapata habari mapema. Hisia hiyo ni tamu, na ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu gari linalojibu haraka huonekana kama linashika zaidi hata pale ambapo saa ya kupimia muda wa kuzunguka uwanja inasema vinginevyo.

Sasa tuje kwenye shokapu, ambako pesa nyingi za suspensheni ya spoti huishia. Chukua bomba la sindano la hospitali, lijaze maji, ulibonyeze polepole. Maji yanatoka bila ubishi. Libonyeze kwa ghafla, na kidole kinakutana na ukuta. Tundu ni lile lile na maji ni yale yale. Kilichobadilika ni kasi ya kidole. Sasa liegemee bomba hilo kwa uzito usiobadilika. Halitakubeba. Litashuka taratibu mpaka mwisho. Shokapu iko hivyo hivyo, na mafuta badala ya maji: inapinga mwendo, haibebi gari. Ukiacha msukumo mdogo wa gesi iliyomo ndani, gari zima linabebwa na springi. Kwa hiyo shokapu ngumu haiwezi kulizuia gari lisilale kwenye kona ndefu. Inaweza tu kulichelewesha lisifike huko kwa pupa.

Bomba lenye tundu moja lina kasoro: ukiongeza kasi ya kidole mara mbili, ukinzani unapanda karibu mara nne. Shokapu ya namna hiyo ikitosha kwenye kona, kwenye shimo ingekuwa nondo. Ndiyo maana ndani ya pistoni ya shokapu kuna rundo la visahani vyembamba vya chuma vinavyofunika njia za ziada. Mafuta yakisukuma kwa nguvu, visahani vinapinda na njia zinafunguka. Fundi wa kiwandani akibadilisha unene na idadi ya visahani hivyo, anabadilisha tabia ya gari bila kugusa springi.

Na kasi inayozungumziwa ni ya pistoni, si ya gari. Mafundi wanaposema “mwendo mdogo” wa shokapu hawamaanishi kilomita 30 kwa saa. Gari linapolala sentimita 3 kwa nusu sekunde, pistoni inakwenda mita 0.06 kwa sekunde. Tairi likipanda donge la lami lenye sentimita 30 kutoka mwanzo hadi mwisho kwa kilomita 80 kwa saa, donge zima linapitwa kwa sekunde 0.0135, na pistoni hurushwa kwa zaidi ya mita moja kwa sekunde. Shokapu nzuri ya Bilstein au Sachs huwa ngumu kwenye mwendo wa kwanza na huachia kwenye wa pili. Hivyo gari la spoti lililofungwa vizuri linaweza kumtikisa abiria kidogo kuliko la kawaida lenye shokapu zilizochoka.

Zipo zinazobadilisha mafuta yenyewe. Corvette ya mwaka 2003 iliuzwa na shokapu zenye mafuta yaliyochanganywa na chembe za chuma. Koili ikipitisha umeme, chembe hujipanga na mafuta yanakuwa mazito ndani ya milisekunde chache. Ajabu yake ni kwamba ukibonyeza kitufe cha “Sport”, springi hazibadiliki hata kidogo. Kiasi ambacho gari litalala mwishoni ni kile kile, linafika tu kwa namna nyingine.

Barabara mbovu ndiyo hukumu ya mwisho. Tairi lililo hewani lina mshiko sifuri, na springi ngumu hulirusha hewani kwa kitu ambacho laini ingekimeza. Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, timu zinazofika Naivasha huyainua magari na kuyapa springi laini zenye safari ndefu, yaani nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, ilhali kwenye lami ya Monte Carlo huyashusha na kuyakaza. Ugumu pia haupandi kwa namna unavyosikika: kona moja ya gari, yaani upande wa gurudumu moja, yenye kilo 300 juu ya springi ya nyutoni 25 kwa milimita huruka mara 1.45 kwa sekunde, na ukizidisha ugumu wa springi mara mbili inafika 2.05 tu. Magari ya familia hukaa kati ya 1 na 1.5. Ukipita 2, kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi hutahitaji kuuliza tena.

Ukiwa unachagua, basi, usiangalie neno “spoti”, angalia orodha ya vifaa. Kifurushi cha Z51 cha Corvette ya sasa kina springi na shokapu zake, lakini pia breki kubwa zaidi, upoozaji wa ziada, difu ya kielektroniki na matairi ya kiangazi. GR86 ya mwaka 2024 ilipata Marekani kifurushi chenye breki za Brembo na shokapu za Sachs. Mazda MX-5 ya daraja la Club yenye gia za mkono huja na Bilstein pamoja na difu inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure. Difu na breki ni ghali kuongeza baadaye: breki hudai diski, kalipa, mara nyingi na rimu kubwa zaidi. Springi na shokapu mbili mbili hubadilishwa gereji kwa siku moja. Hivyo kifurushi chenye difu na breki kinafaa kununuliwa hata kama huipendi suspensheni yake. Kile chenye springi fupi na nembo peke yake, kiache.

Na kabla ya yote, matairi. GT86 ya kwanza iliuzwa na Michelin Primacy HP za 215/45R17, tairi la aina iliyofungwa pia kwenye Prius. Toyota ilitaka gari liteleze kidogo. Kuweka matairi ya spoti kwenye gari hilo lenye springi za kawaida kunaongeza mshiko kuliko kuweka springi ngumu na kuacha Primacy.

Anayenunua lililotumika kutoka Japani ana kazi moja zaidi, kujua kama kilichomo chini ni cha kiwandani. Shokapu yenye nyuzi za skrubu mwilini na pete za kuzungusha iliongezwa na mwenye gari wa zamani, mara nyingi. Kagua fimbo yake kama ina mafuta, na pitisha kiganja juu ya tairi kuzunguka: mabonde na vilima vinavyojirudia ni dalili ya shokapu iliyokufa. Kubonyeza kona ya gari na kuhesabu linavyoruka hakutoshi, maana springi ngumu hazibonyei kwa mikono.

Anayetaka kulishusha asikubali kukatiwa springi. Ukikata mzunguko mmoja kati ya sita, springi inakuwa ngumu kwa asilimia 20 na fupi kwa pamoja, shokapu ikibaki ile ya zamani. Kibaya zaidi ni ile raba ya kizuizi kwenye fimbo ya shokapu. Gari lililoshushwa milimita 30 limekula sehemu kubwa ya safari yake, na katikati ya kona bodi inaikalia raba hiyo. Ugumu wa ekseli hiyo unaruka ghafla, na kwa hesabu ile ile ya GR86, ekseli hiyo inaachia bila taarifa. Springi fupi zinahitaji raba fupi. Kama hazimo kwenye boksi, uliza.

Wakati wa kufunga, boliti za mikono ya suspensheni (vyuma vinavyounganisha gurudumu na bodi) zenye bushi za raba hukazwa mwisho, gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Raba ya bushi imegandishwa kwenye chuma na inajisokota, haizunguki. Ukiikaza gari likiwa limening’inia kwenye jeki, likishuka bushi inabaki imesokotwa muda wote na itapasuka mapema. Baada ya hapo endesha kilomita mia mbili tatu springi zikae, ndipo ulipeleke kwenye alaimenti.