Ukisema Tangi Iko 25, ni 25 ya Nini?

Hii namba 25 imezunguka Nairobi sana. Unauliza mtu mwenye tangi ya maji ya bahari chumvi yake iko ngapi, anakujibu "niko 25 bosi", na unaona kabisa ameridhika. Halafu kuna mgeni kwa hii mambo, tangi amenunua juzi, anasikia hiyo 25 na anaenda nyumbani anapima gramu 25 za chumvi kwa kila lita, anaweka matumbawe ya pesa nyingi, baadaye anapiga simu kuuliza mbona yamejikunja hayafunguki. Yeye amefuata namba aliyopewa. Shida ni kwamba hiyo namba alipewa nusu.

Saliniti ni kiasi cha chumvi iliyoyeyuka kwa maji, basi. Bahari ya kawaida, pamoja na hii yetu ya kutoka Kiunga mpaka Vanga, iko na karibu gramu 35 kwa kila kilo ya maji yake, na ndio maana inaandikwa 35‰, hiyo alama inafanana na ya asilimia ila ina sifuri tatu, maana yake ni kwa elfu. Na si chumvi ya jikoni pekee, ndani kuna magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na zingine, na matumbawe yanajenga mifupa yao na hiyo kalsiamu, kwa hivyo usidanganywe ati pakiti ya dukani itafanya kazi.

Sasa graviti ni kitu kingine. Graviti inauliza: haya maji ni mazito mara ngapi kushinda maji safi? Maji safi ni 1.000, maji ya bahari yenye chumvi 35 ni kama 1.026. Haina gramu, haina alama yoyote, kwa sababu ni uzito mmoja umegawanywa kwa mwingine. Na hapo ndipo watu wanapotelea, maana mtu akisoma 1.025 anaona uvivu kutamka yote, anakata ile moja na nukta na sifuri, anabaki na "25". Mwenzake akisikia 25 anadhani ni gramu. Graviti ya 1.025 ni kama chumvi 33, iko sawa, tangi itaishi. Chumvi 25 kwa graviti ni karibu 1.019, na hayo kwa matumbawe ni maji ya mdomo wa mto, si ya mwamba.

Chukua refraktomita yako, kile chombo cha kuchungulia kinachopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga, uangalie mwenyewe. Unafungua kile kifuniko cha plastiki, unaweka matone mawili kwa kioo, unafunga polepole kusibaki povu, unangoja kama nusu dakika maji yapoe au yapate joto sawa na chombo, halafu unaelekeza kwa mwangaza na kuchungulia. Juu kuna bluu, chini kuna weupe, na pale zinapokutana ndipo unasoma. Lakini angalia vizuri, kuna ngazi mbili zimesimama kando kando. Moja inaanza 1.000 na kupanda mpaka 1.070, nyingine inaanza sifuri mpaka 100 na iko na ile alama ya ‰. Mstari ni mmoja, majibu ni mawili, na yote ni ya kweli. Ukisoma huku 1.025, kule pembeni utaona 33 hivi. Hiyo 25 wanayosema wengi haiko mahali mstari umefika kwa ngazi ya chumvi, iko chini huko kabisa, na mtu akiangalia mara moja tu kwa makini hawezi kurudia kusema hivyo tena.

(Na tafadhali usiiweke sifuri na maji safi halafu ukaiamini milele. Refraktomita nyingi za bei ya chini zimetengenezwa kupima chumvi ya kawaida, na maji ya bahari yanapinda mwanga tofauti kidogo, kwa hivyo unaweza kukosea kwa gramu moja na nusu hivi. Chukua gramu 3.65 za chumvi safi isiyo na kitu kingine, koroga na gramu 96.35 za maji ya RO, yaani yaliyochujwa mpaka madini yakatoka, weka tone, rekebisha ile skrubu mpaka isome 35, kwa sababu mchanganyiko huo unapinda mwanga sawa na maji ya bahari ya 35. Unahitaji tu mizani ndogo nzuri.)

Kwa nini hili kosa halifi? Kwa sababu ya samaki. Samaki wa bahari mwenye mifupa damu yake iko na chumvi kama theluthi tu ya chumvi ya bahari, kila siku anakunywa maji na kutoa chumvi ya ziada kwa mashavu, kwa hivyo ukimpunguzia chumvi kidogo hata anapumzika. Kuna watu wanashusha chumvi makusudi kabisa kutibu samaki wenye ugonjwa wa vidoa vyeupe. Sasa muuzaji akiweka klaunifishi zake kwa chumvi 25 anaokoa pesa ya chumvi, samaki wanacheza vizuri tu, na anakuambia kwa moyo safi "mimi niko 25 na hakuna shida". Ni kweli, kwake hakuna shida. Lakini matumbawe na kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, hawana hiyo mashine ya kujipanga, chumvi ya nje ndiyo inaamua chumvi ya ndani. Kiti cha pweza ukimtoa maji ya 35 ukamtumbukiza kwa 25 hiyo jioni moja, usitarajie kumwona mzima kwa muda. Kwa hivyo ushauri wa tangi ya samaki peke yao hauwezi kubebwa mzima mzima kupelekwa kwa tangi ya matumbawe, hata kama maji yote mawili yanaitwa ya chumvi.

Watu wamehangaika na hii hesabu kitambo sana. Meli ya HMS Challenger ilizunguka bahari za dunia kutoka 1872 mpaka 1876, na maji yaliyorudishwa akapewa mkemia William Dittmar, akapima sampuli 77, na matokeo yalitoka 1884: chumvi inaweza kuwa nyingi hapa na kidogo pale, lakini uwiano wa hizo chumvi zenyewe kati yao karibu ni ule ule kila mahali. Hiyo ndiyo inafanya mimi na wewe tupime kitu kimoja tu, uzito au mwanga, na kujua jumla. Mwaka 1978 wataalamu wakakubaliana kupima kwa umeme unavyopita kwa maji, na hata hapo namba inaandikwa bila kipimo, 35 tupu. Ona sasa, graviti haina kipimo, saliniti ya kupimwa kwa umeme nayo haina kipimo, zote ni namba uchi. Ndio maana lazima useme ni ya nini.

Na isitoshe, watu wanaisema hiyo 25 kama kitu umeweka siku ya kwanza ukamaliza, na chumvi haikai mahali pamoja. Maji yanaruka kuwa mvuke, chumvi inabaki, kama supu iliyosahaulika jikoni. Tangi ya lita 200 yenye 35 ikipoteza lita 10 inakaribia 37. Ukirudisha hizo lita 10 na maji ya bahari badala ya maji safi, unabaki hapo kwa 37, na ukifanya hivyo mara nne umefika 42, chumvi kuliko Bahari ya Shamu. Na Nairobi hii usidhani ni kipindi cha Januari na jua kali pekee, Julai ndio watu hushangaa, kwa sababu tangi unaipasha moto iwe digrii 25 na usiku nyumba ni baridi, na maji ya moto kwa chumba cha baridi yanaruka vibaya.

Kwa hivyo hata pale unapoweka tangi ni suala la chumvi. Dirishani hapana, na huku karibu na ikweta usinidanganye ati dirisha lako halipati jua, la kaskazini linapata katikati ya mwaka na la kusini linapata kuelekea Desemba. Tafuta ukuta wa ndani, usio na upepo wa mlango, sakafu iliyo sawa inayoweza kubeba, maana hizo lita 200 ni zaidi ya kilo 200 kabla hujahesabu vioo na mawe. Weka alama ya kalamu kwa kioo mahali maji yanafika, na kila asubuhi rudisha mpaka hapo na maji ya RO, si ya boholi yenye madini yake.

Kama umegundua tangi yako kweli ni 25 ya gramu, usimwage chumvi ndani leo. Kwa muda huo rudisha maji yanayoruka kwa maji ya chumvi 35 badala ya maji safi, ipande gramu moja hivi kwa siku na isizidi hapo, ikifika 35 urudi kwa RO. Na jirani akikuuliza uko ngapi, mwambie 35 kwa elfu, ama kama ulisoma ile ngazi nyingine mwambie 1.026, pamoja na hiyo moja yake mbele.