Kukagua ubora wa huduma ya mzee nyumbani ni kufanya nini hasa

Kukagua ubora wa huduma ya mzee nyumbani ni kulinganisha mambo matatu: yaliyoahidiwa, yaliyoandikwa, na yanayoonekana kwa mzee mwenyewe. Ukifika, ukanywa chai sebuleni, ukaona nyumba imepigwa deki na mama amevalia vizuri, ukaondoka, umemtembelea tu.

Jambo hili limekuwa kubwa katika miji yetu. Watoto wako Nairobi au ng'ambo, mama yuko Mamboleo, Kisumu, au Lanet kule Nakuru, baba amepooza upande mmoja baada ya kiharusi, na ajensi imeleta mhudumu wa kulala humo humo. Pesa zinatumwa kwa simu kila mwisho wa mwezi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia na Serikali. Mzee kwa Katiba hiyo ni aliyepita miaka 60. Lakini matunzo "yanayofaa" yanapimwaje?

Daktari Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefanya kazi Marekani, alitoa mwaka wa 1966 njia ambayo mpaka leo ndiyo watu wengi huanzia. Alisema ubora wa huduma utazamwe kwa sehemu tatu: maandalizi yaliyopo, jinsi kazi inavyofanywa, na matokeo yake kwa mgonjwa. Kule Uingereza, ambako vijana wetu wengi wamekwenda kufanya kazi hii ya kulea wazee, huduma za nyumbani za England hukaguliwa na Care Quality Commission. Wakaguzi wake huuliza kama huduma ni salama, kama inafaa, kama ina utu, kama inamjali mzee huyu na mahitaji yake, na kama inaongozwa vizuri. Kisha huduma hupewa daraja, na lazima daraja hilo libandikwe mahali linapoonekana. Huku kwetu, kazi hiyo kwa sehemu kubwa inaangukia familia, kwa hiyo ni vizuri familia ijue inatafuta nini.

Kukagua maandalizi hakuchukui muda. Aliyeitwa muuguzi awe amesajiliwa na Baraza la Wauguzi. Uliza nambari yake kisha uliulize Baraza lenyewe. Mhudumu asiye muuguzi hayumo katika sajili hiyo, kwa hiyo utategemea cheti cha mafunzo, cheti cha tabia njema, na watu aliowahi kuwafanyia kazi. Tazama pia kama choo kina cha kushikia na kama sakafu ya bafu inateleza.

Daftari ndilo linalohitaji macho. Mhudumu mzuri huandika dawa zilizotolewa, chakula kilicholiwa, choo, presha, usingizi. Sasa fungua kurasa za wiki nzima kwa pamoja. Kama zote zimeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko usiobadilika, dawa saa mbili kamili asubuhi kila siku, presha 120/80 kila siku, shuku. Presha ya mzee wa miaka 78 haitulii namna hiyo. Halafu hesabu vidonge. Tuseme mama anakunywa dawa ya sukari mara mbili kwa siku na pakiti ya vidonge 60 ilifunguliwa asubuhi ya tarehe mosi. Asubuhi ya tarehe 11, kabla hajameza cha siku hiyo, vinapaswa kubaki 40. Ukikuta 47 na daftari lina alama ya vema kila mahali, mara saba mama hakupewa dawa na mtu akaandika kwamba alipewa. Vikipungua chini ya 40, nalo ni swali: amezidishiwa, au vimekwenda wapi?

Kutoka kwenye daftari nenda kwenye mwili. Hapa wengi wetu tunaona haya, na mzee naye ana haki ya kusitiriwa, kwa hiyo afanye hivyo mtu anayemkubali, mlango ukiwa umefungwa. Kwa asiyeweza kujigeuza, angalia visigino, nyonga na kifandugu. Vidonda vya kitandani huanzia hapo, mahali mfupa unapobanana na godoro. Vitabu vingi huzungumzia ngozi kuwa nyekundu, lakini kwa ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kirahisi. Gusa: pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu au palaini isivyo kawaida? Pamebadilika rangi, na mzee anaruka ukipagusa? Usisubiri pachubuke ndipo uite muuguzi.

Uzito nao unasema. Pima kilo kila mwezi na uandike. Pasipo mizani, pete inayozunguka kidoleni na sketi inayofungwa kwa pini zitakueleza. Kuna ujanja mmoja unaoniudhi kuliko yote: kumpunguzia mzee maji ya kunywa ili daipa zisibadilishwe mara nyingi. Midomo mikavu, mkojo mweusi, na kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mtu aliyekuwa akiongea vizuri juzi, ni dalili za kufika hospitalini siku hiyo hiyo.

Kisha zungumza na mzee mwenyewe, mhudumu akiwa ametoka chumbani, kwa lugha anayoiota. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukiuliza "Mama, wanakutunza vizuri?" atakujibu "vizuri, mwanangu," kwa sababu wewe unaondoka na mhudumu anabaki. Uliza yaliyotokea: jana alikula nini, usiku akiita nani huja, nani humwogesha, na je, humuuliza kwanza kabla ya kumvua nguo? Aliyepotewa na kumbukumbu hataweza kueleza ya jana, lakini mtazame mzee huyo wakati mhudumu anaporudi chumbani. Anayejikunyata au kunyamaza ghafla amejibu.

Ukaguzi wa haki humgusa mhudumu pia. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Sasa soma daftari lile tena: mzee amegeuzwa saa nane usiku, saa kumi, saa kumi na mbili, na mtu yule yule aliyefua, akapika na kuogesha mchana kutwa, wiki ya tatu mfululizo bila likizo. Ama maandishi ni ya uongo, ama huyo mtu anakaribia kuanguka. Kosa la namna hiyo ni la ajensi, na mara nyingine ni letu tunaolipa mtu mmoja kazi ya watu wawili. Kamera haitatibu hilo, na ya chumba cha kulala au bafu inamvua mzee heshima ile ile tuliyodai kuilinda.

Nenda bila kutangaza, saa tofauti, jioni na hata Jumapili. Asiyeweza kusafiri amwombe ndugu aliye karibu. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji naye huwa anazijua nyumba zenye wazee. Ulichokikuta kiandike pamoja na tarehe, umpe mhudumu nafasi ya kueleza, mkubaliane kitakachorekebishwa na lini utarudi kukiangalia. Michubuko isiyoelezeka, njaa au pesa za mzee kupotea haziingii katika makubaliano hayo. Mwondoe mzee mikononi mwa mtu huyo kwanza, mpeleke akapimwe na yaandikwe hospitalini, kisha uende polisi.