"Collect" si "gather", na "kukusanya" si jibu la kila swali

"Mwalimu, cheti ni kimoja tu, nitakikusanyaje?" Mteja alikuwa ananirudishia barua ya Kiingereza niliyomhariria. Nilipoandika "collect my certificate" amekata, akaweka "take". Wa kabla yake aliniletea "gather my passport". Chanzo ni kilekile: kamusi ya mfukoni iliyoweka "kukusanya" mbele ya kila kitenzi cha aina hii, msomaji akaamini vyote ni ndugu wa tumbo moja, ukimkosa huyu unamchukua yule.

Sivyo, na Kiswahili chenyewe hakikubali uzembe huo. Nani amewahi kuzoa michango ya harusi? Michango huchangishwa, takataka huzolewa, embe zilizodondoka huokotwa, karafuu huchumwa, mali hulimbikizwa, ng'ombe huswagwa. Mtu anajua haya yote toka utotoni, halafu akifika kwenye Kiingereza anataka kitenzi kimoja kimtoshe!

Basi tuanze na hao wawili. "Gather" ni neno la Kiingereza cha kale, jamaa wa "together": vitu vilitawanyika, sasa viko pamoja. Kuni, watoto uani, habari za hapa na pale. "Collect" limetoka Kilatini, na ndani yake mna kitenzi legere, chenye maana ya kuokota au kuchagua. Ndiyo maana linakaa vizuri na vitu vinavyofuatwa kimoja kimoja, kwa mpango au kwa haki: deni, kodi ya nyumba, stempu, sampuli za damu. Kwa kuwa wazo ni kufuata kitu kilipo, kikiwa kimoja hakuna tatizo. Unaweza "collect" cheti, mzigo bandarini, mtoto shuleni (Mmarekani atapenda zaidi "pick up", lakini hilo ni lake). "Gather" halina ruhusa hiyo.

Kuna mahali wanapoingiliana, sikatai. Ushahidi, takwimu na kuni hukubali yote mawili. Hata mtoza ushuru, ukifungua vitabu vya zamani, utamkuta akiitwa "tax-gatherer". Leo kodi ni "collect". Ujasiri, kwa upande wake, una "gather", "muster" au "summon"; ukiandika "collect courage" msomaji atasita. Na "I gather you are moving" haihusu mizigo hata kidogo: ni "nasikia unahama". Nimewahi kusahihisha "nakusanya kwamba unahama", na nilikaa kimya dakika nzima.

Dawa yangu ni moja, na wanafunzi wangu wameichoka: usikariri kitenzi, kariri yambwa yake, yaani nomino inayotendwa. Kila kitenzi kiandike daftarini na nomino tatu ulizokutana nazo kwenye maandishi halisi. Asiye na daftari hilo huwa simsahihishii mara ya pili.

Dhana nyingine ni kwamba "kukusanyika" lazima iwe "gathered themselves" au "were gathered". Sisi tunaongeza -ika, Kiingereza hakiongezi kitu: "she gathered the children", "the children gathered". "Were gathered" lipo, ila linaeleza hali: walikuwa tayari wamekusanyika.

Wengine hunifutia "gather together" wakidai ni kurudia neno bure. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina "gathered together" katika Mathayo 18:20, pale wawili watatu walipokusanyika. Kama ni kosa, lina umri wa kuheshimiwa. Kwenye ripoti fupi mimi hulipunguza, kwa sababu ya nafasi tu.

Halafu kuna wanaodhani neno refu ndilo la heshima, wakaandika "the chairman congregated the members". "Congregate" limebeba neno la Kilatini la kundi la mifugo, na watu hulifanya wenyewe, hawafanyiwi. Mwenyekiti "convenes" kikao. "Assemble" hutaka lengo: Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 37, inatumia neno hilo kwa haki ya kukusanyika kwa amani, kwa sababu watu hao wana jambo lililowaleta. Neno hilohilo hutumika kwa gari au kabati linalounganishwa kipande kwa kipande, na hapo ukitafsiri "kukusanya" fundi atakucheka.

Limebaki "hoard", ambalo wengi hulikwepa kwa kuwa hawana uhakika nalo. Mfanyabiashara aliyeficha magunia ya sukari ghalani akisubiri bei ipande, usimwandikie "collect". Utakuwa umemsafishia jina bure.